Fadhila, Masimango na Kuzidi: Lugha ya Misaada na Hukumu ya Fasihi

Ikisiri

Makala hii inachunguza msamiati ambao Kiswahili cha ofisi hutumia kueleza uhusiano kati ya mtoa misaada na mpokeaji, na kuulinganisha na maneno ambayo fasihi imeyachagua ili kuuhukumu uhusiano huohuo. Matini zinazorejelewa ni tamthilia ya Amezidi ya Said Ahmed Mohamed (1995) na riwaya ya Makuadi wa Soko Huria ya Chachage Seithy L. Chachage (2002). Matokeo ya usomaji huo yanapimwa kwa yale yaliyotokea mashariki mwa Kongo wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020. Hoja kuu ni kwamba lugha ya ofisi imechukua nusu tu ya maadili ya utoaji yaliyomo katika Kiswahili: imemchukua mfadhili, ikayaacha maneno ya kumlaumu.

1. Utangulizi

Uhusiano wa misaada katika Afrika Mashariki una Kiswahili chake. Katika taarifa za miradi, hotuba za uzinduzi na mabango yaliyosimikwa kando ya visima na zahanati, maneno ni yaleyale: mfadhili, mhisani, mdau, mlengwa, mnufaika, kuwezeshwa, kujengewa uwezo. Maneno haya yamezoeleka kiasi kwamba hayaulizwi tena. Hata hivyo, kila moja limebeba mgawanyo wa mamlaka: nani anatenda, nani anatendwa, na nani ana haki ya kusema kwamba mambo yamekwenda kombo.

Suala hili si la istilahi pekee. Mtu asiye na neno la kulalamikia hujikuta ama amenyamaza ama ameonekana mkosa adabu. Makala hii inaanza na muundo wa maneno ya ofisi, kisha inaigeukia fasihi, na mwisho inauliza maneno hayo yana gharama gani pale ambapo mpokeaji wa misaada anadhulumiwa na mtu aliyetumwa kumsaidia.

2. Mofolojia ya Kupokea

Ukiyatazama maneno yanayomtaja mpokeaji, utaona kwamba karibu yote yamemwondoa katika nafasi ya mtenda. Mlengwa ametokana na -lenga katika kauli ya kutendwa. Ni mtu aliyeelekezewa kitu, kama shabaha inavyoelekezewa mshale. Mnufaika ametokana na -nufaika, kitenzi chenye umbo la kutendeka: manufaa yamemfikia, lakini aliyeyaleta hatajwi na aliyeyapata hakuyatafuta. Kujengewa uwezo kunaunganisha kauli ya kutendea na ya kutendwa, hivyo kwamba hata uwezo, kitu ambacho kwa kawaida huwa ndani ya mtu, unageuka jengo linalosimamishwa kwa niaba yake na fundi mgeni.

Kiswahili hakikulazimika kuchagua kauli hizi. Kina kiambishi -an- kinachowafanya watu wawili kuwa watenda wa tendo moja: kusaidiana, kuchangiana, kuazimana. Mchango wa harusi au wa msiba hujengwa juu ya mantiki hiyo: anayetoa leo atapokea kesho, na daftari la michango huhifadhiwa kwa sababu kila jina ndani yake lina zamu yake. Kina pia kiambishi -ji-, kinachomrudishia mtenda tendo lake. Azimio la Arusha la 1967 lilikifanya kiambishi hicho kuwa sera ya taifa liliposisitiza kujitegemea na kuonya kwamba zawadi na mikopo kutoka nje zinaweza kuuhatarisha uhuru. Onyo hilo lilitokana na mambo yaliyokwisha kutokea. Mwaka 1965 Tanzania iliingia katika mgogoro na Ujerumani Magharibi juu ya uhusiano wake na Ujerumani Mashariki, na ikaamua kuacha misaada ya Bonn. Mwaka huohuo ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kuhusu Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimamishwa. Kwamba katika miaka ya 1970 nchi hiyohiyo ilizidi kupokea misaada mikubwa, hasa kutoka nchi za Skandinavia, hakuondoi ukweli kwamba kwa muda -ji- ilikuwa na nguvu ya kisiasa. Katika lugha ya miradi ya leo, -an- na -ji- husikika katika hotuba, lakini majina ya wahusika hutawaliwa na kauli ya kutendwa.

Upande wa mtoaji mambo ni kinyume. Mfadhili na mhisani ni majina ya watenda, na si watenda wa kawaida, bali watenda wema. Mzizi wa Kiarabu uliotupatia fadhila una maana ya ziada na pia ya ubora; ndiyo sababu Kiswahili kina afadhali katika ukoo huohuo. Mfadhili ni mtu mwenye ziada ambaye, kwa kutoa, anathibitisha kwamba yuko juu. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba neno fadhila hutaja wema uliotendwa na vilevile shukrani inayodaiwa kwa wema huo. Husemwa kwamba asiyeshukuru hana fadhila, na kwamba fadhila za punda ni mateke. Methali nyingine hushauri kuwa ni heri kumfadhili mbuzi, ambaye angalau mchuzi wake utanywewa, kuliko mwanadamu mwenye maudhi. Methali zote mbili zimesemwa kutoka upande wa mtoaji, na katika zote mbili mpokeaji amewekwa katika mizani moja na mnyama. Kwa hiyo, anayemwita mtu mfadhili ameshakiri deni kabla hajafungua mdomo kusema lolote jingine. Lalamiko lolote litakalofuata litasikika kama teke la punda.

3. Masimango: Nusu Iliyoachwa

Itakuwa kosa kuhitimisha kwamba maadili ya Kiswahili yamesimama na mtoaji daima. Lugha hii ina neno kali la kumhukumu: masimango. Kusimanga ni kumkumbusha mtu wema uliomtendea kwa namna ya kumtahayarisha. Aliyekula chakula cha masimango hakushiba, na aliyekitoa hana thawabu. Methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nayo inamvua mwenye mali dai la kwamba wema ni zao la mfuko wake. Katika maadili haya mtoaji ana wajibu kama alivyo nao mpokeaji, na wajibu wake wa kwanza ni kunyamaza juu ya alichotoa.

Kiswahili cha ofisi kilimpokea mfadhili lakini hakikupokea masimango. Kama kingelipokea, kingelazimika kujiuliza nembo iliyochapwa juu ya kila gunia la unga inasema nini kwa mama anayelibeba hadi nyumbani, au picha ya mtoto mwenye njaa inayowekwa katika ripoti bila mzazi wake kuelewa itakwenda wapi. Mtetezi wa nembo atasema kwamba ni sehemu ya uwajibikaji: walipa kodi wa nchi iliyotoa wana haki ya kuona fedha zao zimefika. Hoja hiyo ina uzito. Lakini inaonesha pia uwajibikaji unaelekea wapi. Unapanda kwenda kwa aliyetoa. Anayepokea hatajwi kama mtu anayedai hesabu, bali kama ushahidi kwamba hesabu imefungwa.

4. Amezidi: Kitenzi Kilichopasuliwa

Kile kilichoachwa na ofisi kimehifadhiwa na fasihi. Katika Amezidi, Said Ahmed Mohamed anawaweka Ame na Zidi katika pango, katika ufukara wa kupindukia, wakiishi kwa kutarajia vya wengine. Tamthilia hiyo, yenye mbinu za kibwege, husomwa kwa kawaida kama istiari ya nchi za Afrika na utegemezi wao. Usomaji huo ni sahihi, lakini huchukua jina la tamthilia kama fumbo jepesi: majina mawili yakiunganishwa hupatikana kitenzi. Kuna zaidi ya hapo.

Ame ni kiambishi cha nafsi na kiambishi cha hali bila mzizi. Ni mtu aliyekwisha kufanya, lakini haijulikani amefanya nini; ana ukamilifu usio na tendo. Zidi ni mzizi usio na nafsi. Peke yake husikika kama amri inayotaka nyongeza, sauti ya tumbo isiyojua kikomo. Mmoja ana utu bila tendo, mwingine ana tendo bila utu. Hii ni picha kamili ya mpokeaji kama lugha ya miradi inavyomchora: mtu aliyetimiliziwa kila kitu na wengine, na hitaji lisilokoma la kuongezewa. Mwandishi hakuhitaji kueleza kwa hotuba kwamba utegemezi huvunja utu. Ameuvunja katika mofimu.

Wahusika wanaposimama pamoja, hata hivyo, wanaunda neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili analijua kuwa neno la lalamiko. Mtu anaposema kwamba fulani sasa amezidi, anasema mpaka umevukwa na subira imekwisha. Swali ni nani amezidi. Ni rahisi kujibu kwamba ni wakaazi wa pango, yaani watawala na raia waliozidi kubweteka. Lakini kiambishi a- hakimtaji mtu. Kinaweza kumwelekea mpokeaji aliyezidi kuomba, na kinaweza kumwelekea mtoaji aliyezidi kutawala kwa kutoa. Fadhila, kama ilivyoonekana, ni ziada ya mtoaji. Kuzidi ni ziada hiyohiyo inapotazamwa na aliye chini yake.

Tena, a- ni nafsi ya tatu. Asemaye amezidi hamkabili anayemlalamikia; anamsimulia mtu mwingine, na pengine anasimulia pangoni ambako hakuna asikilizaye. Umezidi ingekuwa kauli ya ana kwa ana. Kati ya a- na u- kuna umbali wote uliopo kati ya mnung'uniko na dai.

5. Kuwadi: Mtu wa Tatu

Katika fadhila kuna watu wawili, lakini misaada na uwekezaji haviendi bila mtu wa kati. Chachage, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alimpa mtu huyo jina lisilo na heshima. Makuadi wa Soko Huria inakutana na mjadala halisi wa mwishoni mwa miaka ya 1990 kuhusu mradi mkubwa wa ufugaji wa kamba katika delta ya Rufiji, na kupitia mjadala huo inaitazama historia ndefu ya nchi kuuzwa kwa maneno matamu. Kuwadi ni mpatanishi wa zinaa: hapendi wala hapendwi, anachukua ujira wake kwa kuwakutanisha wawili wasio na nguvu sawa. Pale ofisi inaposema mdau, mratibu au mshauri mwelekezi, riwaya inasema kuwadi. Tofauti ni ya kimaadili. Mdau ana maslahi yanayotambulika. Kuwadi ana maslahi yanayofichwa ndani ya huduma.

Chachage alitumia neno hilo kama sitiari ya uchumi wa kisiasa. Zaidi ya miaka kumi na mitano baadaye, katika eneo jingine la wasemaji wa Kiswahili, sitiari hiyo ilikaribia mno kuwa maelezo ya kawaida.

6. Beni na Butembo: Gharama ya Ukimya

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini, na kutangazwa kwisha Juni 2020, uliua zaidi ya watu 2,200. Katika Beni, Butembo na vitongoji vyao, ambako Kiswahili ni lugha ya mawasiliano mapana, kuliingia magari, fedha na ajira kwa wingi usiowahi kuonekana. Wakaazi wengi waliuona mwitikio huo kuwa biashara, wakauita hivyo waziwazi. Ujumbe wa afya uliotolewa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili sanifu haukuwafikia ipasavyo watu wanaozungumza Kiswahili cha Kongo. Hata lugha ya pamoja ilikuja na tabaka lake.

Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti kuhusu unyanyasaji wa kingono uliofanywa wakati wa mwitikio huo. Ilitambua watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo. Wanawake walieleza jinsi walivyoahidiwa kazi kwa sharti la ngono, au walivyotishiwa kuipoteza. Wengi hawakuripoti wakati huo, kwa hofu ya kulipiziwa kisasi na kwa aibu.

Haitakuwa sahihi kudai kwamba msamiati ndio uliosababisha dhuluma hiyo. Ilisababishwa na watu wenye mamlaka juu ya mkate wa wengine, na usimamizi uliolegea. Lakini lugha ya fadhila iliandaa mazingira ya ukimya. Kazi inapotolewa kama hisani badala ya haki ya mwenye sifa, anayeitoa anaonekana mfadhili na anayeipata anaonekana mdeni. Na deni lisilo na kiwango kilichoandikwa hudaiwa kwa namna yoyote anayoitaka mdai. Viwango vya msingi vya huduma za kibinadamu vilivyotolewa 2014 viliahidi kwamba malalamiko yatakaribishwa na kushughulikiwa. Katika ofisi nyingi ahadi kama hiyo hugeuka sanduku la maoni. Maoni si malalamiko. Maoni huombwa na mwenye nyumba. Lalamiko huletwa na mwenye haki.

7. Hitimisho

Kiswahili kina maadili kamili ya utoaji: kina fadhila, na kina masimango, kina mhisani, na kina kuwadi, kina subira, na kina neno la kutangaza kwamba mtu amezidi. Lugha ya ofisi ilichukua neno la kwanza katika kila jozi. Fasihi iliokota yaliyobaki, na ndiyo sababu Amezidi na Makuadi wa Soko Huria husomeka leo kama kumbukumbu ya lalamiko ambalo halikuwa na dawati la kupokelea.

Kazi inayowakabili watafsiri wa nyaraka za mashirika na waundaji wa istilahi si kutafuta jina tamu zaidi la mpokeaji. Mlengwa akiitwa mshirika wakati bajeti, ajira na adhabu vimebaki mikononi mwa upande mmoja, atakuwa amebadilishiwa kanga tu. Linalohitajika ni kuingiza katika lugha ya kazi maneno yanayomruhusu mpokeaji kuwa mtenda: kudai, kushtaki, kukataa, kuhesabiana. Wanafunzi wa fasihi nao wana sehemu yao. Ame na Zidi wametungiwa maswali ya mitihani kwa miaka mingi kama mfano wa uvivu wa Mwafrika anayengoja kupewa. Inafaa sasa waulizwe swali jingine: siku watakapotoka pangoni na kusimama mbele ya aliyewapa, watathubutu kuibadili nafsi ya kitenzi chao?