Mlango Ulikuwa Wazi, Walimu Hawakutosha

Mwaka 1873, katika mji wa Birmingham nchini Uingereza, bodi ya shule iliyochaguliwa na walipa kodi ilikata shauri kwamba walimu wake wasifundishe dini katika saa za masomo. Biblia nayo haikusomwa tena darasani kwa amri ya bodi. Msomaji anaweza kudhani kwamba wakana Mungu walikuwa wameuteka mji. Lakini miongoni mwa waliolitetea shauri hilo kwa nguvu zote alikuwamo R. W. Dale, mchungaji wa kanisa la Wakongregeshoni la Carrs Lane, mmoja wa wahubiri mashuhuri wa kizazi chake.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wako wanaokisimulia kama siku ya ushindi, elimu ilipojinasua mikononi mwa makasisi. Wako wanaokisimulia kwa majonzi kama siku Mungu alipofungiwa nje ya shule. Nimeyasoma masimulizi ya pande zote mbili, nami naona yote yana kasoro moja: yanatazama nani alipiga kura na nani alishinda, kisha yanafunga kitabu. Yaliyotokea baada ya kura ndiyo yanayotuhusu sisi tulio kanisani, na huko ndiko nitakakoelekea.

Tuanze na hali ya mji wenyewe. Birmingham ya wakati ule ilikuwa na watu zaidi ya 300,000, ikitengeneza vifungo, kalamu za chuma, bunduki, misumari na vito. Karakana zake zilipenda mikono midogo, na watoto wengi hawakuwa na nafasi katika shule yoyote. Tusiwe wezi wa fadhila: shule zilizokuwapo, nyingi zilikuwa zimejengwa na makanisa, na shule za Jumapili zilikuwa zimefundisha maelfu kusoma. Ila kazi ilikuwa imezidi uwezo wa sadaka. Mwaka 1869 ndipo watu wa mji huo, akiwamo mbunge wao George Dixon na mwenye kiwanda Joseph Chamberlain, walipounda Umoja wa Kitaifa wa Elimu, wakidai shule kwa kila mtoto, bila ada, kwa lazima, na bila upendeleo wa dhehebu.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1870, iliyopelekwa bungeni na W. E. Forster, iliwapa nusu ya walichokitaka. Pale shule za makanisa zisipotosha, wananchi wangechagua bodi kwa miaka mitatu mitatu, nayo ingejenga shule kwa fedha za kodi ya mji. Ada iliendelea kulipwa. Kuhusu dini, sheria ilisema kwamba shule za bodi zisifundishe katekisimu wala mafundisho yaliyo ya dhehebu moja tu, na kwamba mzazi anaweza kumwondoa mtoto wake katika kipindi cha dini. Kila bodi iliachiwa kuamua kama dini itafundishwa au haitafundishwa.

Uchaguzi wa kwanza wa Birmingham ulifanyika Novemba 1870, nao ulikuwa na somo lake. Viti vilikuwa 15, na kila mpiga kura alikuwa na kura 15, akiruhusiwa kuzigawa au kumpa mtu mmoja zote. Watu wa Umoja walisimamisha wagombea 15 kwa kujiamini kupita kiasi, kura zao zikatawanyika, wakapata viti 6. Upande wa Kanisa la Anglikana ulizikusanya kura zake ukapata 8. Mkatoliki mmoja naye akaingia, kwa kuwa waumini wake walijua kuhesabu.

Basi miaka mitatu ya kwanza ikawa ya mabishano. Kifungu cha 25 cha sheria kiliruhusu bodi kulipa ada ya watoto maskini hata katika shule za makanisa. Kwa Waanglikana huo ulikuwa wema kwa maskini. Kwa Wabaptisti, Wakongregeshoni na Wakweka ilikuwa ni kumchukulia mtu fedha yake kwa nguvu ili kulipia mafundisho ambayo dhamiri yake inayakataa. Kila upande ulikuwa na sababu, na kila upande ulisema unamtetea mtoto. Waswahili husema fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Shule ya kwanza ya bodi katika mji huo ilifunguliwa mwaka 1873 tu, na kwa mtoto wa miaka kumi, miaka mitatu ya kungoja ndiyo utoto wenyewe unaoyoyoma.

Mwaka huohuo wa 1873 uchaguzi ulirudiwa. Safari hii watu wa Umoja walisimamisha wagombea 8, na wote 8 wakapita. Chamberlain akawa mwenyekiti wa bodi, na Eliza Sturge, mwanamke Mkweka, akawa mwanamke wa kwanza kuingia humo. Ndipo likaja lile shauri nililolitaja. Walimu wa bodi wangefundisha kusoma, kuandika, hesabu na mengineyo. Dini ingefundishwa na makanisa yenyewe: kwa nyakati zilizotengwa, yangeweza kutumia vyumba vya madarasa na kuwafundisha watoto ambao wazazi wao wametaka.

Hoja ya Dale haikutoka katika kuidharau imani. Aliamini kwamba serikali haina mamlaka wala uwezo wa kufundisha Injili, na kwamba kazi hiyo Kristo aliipa Kanisa lake. Mimi nakubaliana naye, na sababu zangu ni hizi. Mwalimu aliyeajiriwa kwa ufundi wake wa hesabu akilazimishwa kufundisha imani asiyokuwa nayo, mtoto atajifunza unafiki kabla ya kujifunza sala. Tena, dini ya serikali lazima ipendeze walipa kodi wote, na ili iwapendeze wote itapunguzwa hili leo na lile kesho, mpaka libaki funzo la adabu njema lisilo na msalaba.

Lakini hapa ndipo masimulizi ya washindi yanapokoma mapema mno. Maana Dale na wenzake hawakusema tu kwamba serikali isifundishe. Walisema pia kwamba makanisa yatafundisha. Hiyo ilikuwa ahadi, na ahadi hupimwa kwa utekelezaji.

Jumuiya ya elimu ya dini iliundwa ili kupeleka watu wa kujitolea katika shule za bodi. Mlango ulikuwa wazi, vyumba vilikuwapo, watoto walikuwapo. Waanglikana wengi walikaa pembeni, kwa kuwa hawakuupenda mpango tangu mwanzo. Makanisa huru, yaliyoupigania, yalituma watu, lakini hawakutosha. Darasa la watoto wa karakana asubuhi ya siku ya kazi si sawa na darasa la Jumapili la watoto wa washirika waliovaa nguo safi. Linataka mtu anayekuja kila juma, mvua inyeshe isinyeshe, na aliye na ujuzi wa kushika darasa. Wenye muda hawakuwa na ujuzi, na wengi wenye ujuzi walikuwa kazini. Kazi ikadhoofika. Kufikia mwaka 1879 bodi ilibadili msimamo wake: Biblia isomwe shuleni, lakini bila maelezo.

Suluhu hiyo ilisifiwa kuwa ya busara. Mimi naiona kuwa kilele cha kushindwa kwa pande zote. Ezra alipoisoma torati mbele ya watu, Walawi walisimama kati yao kuwafafanulia maana. Yule towashi wa Kushi alikuwa na chuo cha Isaya mkononi mwake garini, akakiri kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza, na Roho akamtuma Filipo apande. Birmingham iliwapa watoto chuo ikamzuia Filipo asifumbue kinywa. Na ukweli mchungu ni kwamba Filipo alikuwa amepewa nafasi kabla ya hapo, akawa haonekani.

Nisieleweke vibaya. Bodi yenyewe ilifanya kazi kubwa. Dixon, aliyeshika uenyekiti mwaka 1876 na kuukalia kwa miaka ishirini, alijitolea fedha zake ili ifunguliwe shule ya darasa la saba katika Mtaa wa Bridge mwaka 1884, ambako vijana wa mafundi walipata elimu ya juu zaidi. Majengo ya shule yalichorwa na ofisi ya Martin na Chamberlain kwa matofali mekundu, madirisha marefu na minara iliyosaidia kupitisha hewa safi madarasani. Anayetaka kuyaona bado anaweza: shule ya Mtaa wa Oozells leo ni jumba la sanaa, mnara wake ukiwa umejengwa upya. Walioyajenga walitaka mtoto wa fundi vifungo aingie mahali penye heshima kama penye ibada. Huo nao ni ushuhuda, na sitaki kuudharau. Nami siwalaumu Waanglikana kwa kuhofia kwamba mtoto angelishwa kichwa na kusahauliwa roho. Hofu yao ilikuwa ya haki. Nawalaumu kwa kuwa walipopewa njia ya kuitibu, wengi wao walichagua kususa.

Bodi hizo zilifutwa na sheria ya mwaka 1902, na shule zake zikakabidhiwa mabaraza ya miji na wilaya. Sheria hiyo iliziweka shule za makanisa nazo chini ya fedha za kodi, na wachungaji wengi wa makanisa huru walikataa kulipa, mali zao zikakamatwa na kupigwa mnada. Nawaheshimu kwa hilo. Ila ninapolinganisha, najiuliza kwa nini imekuwa rahisi zaidi kumpata Mkristo aliye tayari kunyang'anywa kiti chake kwa ajili ya kanuni kuliko kumpata aliye tayari kukaa na watoto arobaini kila juma kwa miaka kumi.

Swali hilo halikubaki Birmingham. Mara nyingi katika vikao vyetu tunalalamika kwamba kipindi cha dini kimepuuzwa, kwamba kimewekwa mwisho wa siku, kwamba kinapewa mwalimu yeyote asiye na kazi. Malalamiko mengine ni ya haki. Lakini kabla hatujaandika barua nyingine kwa mkuu wa shule, mzee wa kanisa na asimame atuambie ni washirika wangapi wa usharika huu wamefundishwa kushika darasa, ni wangapi wanakwenda shuleni kila juma, na bajeti yetu ya mwaka imetenga kiasi gani kwa vitabu vyao na nauli zao. Akikosa jibu, basi tusiulaumu mlango.

Dale alikuwa sahihi kwamba imani ya mtoto ni dhamana ya Kanisa. Kanuni sahihi isiyo na watu wa kuitekeleza huwaacha watoto mahali palepale walipokuwa, na huko Birmingham hao watoto walikua, wakaingia karakana, wakawa wazazi. Hapakuwa na kura ya pili kwa ajili yao. Watoto wa shule iliyo karibu na kanisa letu nao wanakua. Kipindi chao kijacho ni juma lijalo.