Imani Mbele ya Mizani

Msimu wa korosho ukifunguliwa, mwezi wa kumi, Tunduru, kusini mwa Tanzania, hubadilika. Maturubai hutandazwa uani, magunia ya juti hukunjuliwa, na pikipiki zilizobebeshwa hadi juu huelekea kwenye maghala ya vyama vya msingi. Fedha, ambayo kwa miezi mingi ilikuwa habari tu, hurudi mikononi mwa watu. Kwa maoni yangu, miezi hiyo humpima mfanyabiashara Mkristo wa huku kuliko Kwaresima na Majilio. Kanisani sote tunajua kuimba. Mbele ya mizani ndipo kila mmoja hujulikana.

Nataka kuusifu ufundi wa kupima kwa haki. Wengi hudhani kwamba haki sokoni ni suala la moyo tu, kwamba mcha Mungu atapima sawa kwa kuwa ni mcha Mungu. Moyo peke yake hautoshi. Mtu mwema aliyeweka mizani yake kwenye sakafu iliyoinama humpunja mkulima sawasawa na mwizi, na mkulima hurudi nyumbani na hasara ileile. Haki ni kazi ya mikono. Hufundishwa, huzoewa, hukaguliwa. Hili linamhusu karani wa chama cha msingi kama linavyomhusu mnunuzi wa mpunga na mbaazi, mwenye duka la jumla na mwenye mashine ya kukoboa.

Mtazame mpimaji aliye fundi. Kazi yake huanza kabla mteja hajafika. Hutafuta mahali palipo sawa, huangalia kama mizani yake imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, kisha huisoma ikiwa tupu hadi sifuri iwe sifuri kweli. Gunia tupu hulipima na kuuondoa uzito wake hadharani. Gunia lililojaa likishawekwa, wabebaji husogea nyuma, pasiwe na mguu wala goti linaloligusa. Husubiri namba itulie, huisoma kwa sauti, huiandika kwa wino mbele ya mwenye mali, wala hazikati zile gramu za mwisho eti kurahisisha hesabu. Akija bibi asiyejua kusoma, humwambia: "Bibi, mwite mjukuu wako aje tusome pamoja." Katika maneno hayo machache mna Injili zaidi kuliko katika mahubiri mengi, kwa sababu mwenye nguvu amemkabidhi mnyonge uwezo wa kumkagua.

Ufundi huo hauishii kwenye uzito. Korosho iliyoanikwa vyema hulia ndani ya ganda ikitikiswa, nayo yenye unyevu hujificha katikati ya gunia. Fundi huzamisha mkono hadi huko, akatenganisha daraja la kwanza na la pili bila upendeleo. Kuishusha korosho nzuri daraja ni wizi ambao hakuna mizani inayoweza kuuonyesha. Na mkulima anayetia mawe au mchanga ili gunia lizidi uzito anaiba vilevile, hata kama ni maskini.

Lakini dhuluma kubwa ya kusini hufanyika mbali na ghala, tena mapema. Miezi ya njaa huja akiba imekwisha, au wakati hufika mkorosho ukadai salfa kabla ubwiriunga haujauvamia. Hapo hutokea mtu mwenye fedha taslimu, akainunua korosho ikingali mtini, kwa bakuli na kwa bei aipendayo. Hiyo ndiyo kangomba. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, ulikusudia kumfikisha mkulima mnadani akiwa bado ndiye mwenye mali yake. Na mwaka 2018, Serikali ilipoamua kuinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilibidi wakulima wahakikiwe kwanza ili wajulikane wenye mashamba na wenye kangomba. Kangomba haina dini, na hilo ndilo linaloniuma, maana wamo waumini wanaoifanya kisha wakatoa zaka. Zaka ya namna hiyo haitakaswi na bahasha. Mkristo mwenye mtaji anaweza kumkopesha jirani salfa na kurejeshewa fedha yake baada ya mnada. Atapata faida ndogo, na jirani atabaki mtu huru.

Neno huru silitumii ovyo. Misafara ya Wayao ilivuka nchi hizi kati ya Ziwa Nyasa na Kilwa, ikipeleka pwani pembe za ndovu na watu. Mwaka 1857, akihutubia Cambridge, mmisionari David Livingstone alitaka Ukristo na biashara halali viingie Afrika pamoja, kwa imani kwamba biashara halali ingeifukuza ile ya watumwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, wakaweka makazi Masasi, jirani zetu wa mashariki. Wale waliowahi kutajiwa bei sokoni wakawa miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa kusini. Kanisa lenye wazazi wa namna hiyo haliwezi kusema kwamba biashara ni mambo ya dunia yasiyolihusu.

Upande wa magharibi, karibu na Songea, Wabenedikto walifika Peramiho mwaka 1898 na kujenga kanisa pamoja na karakana. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, ina sura nzima juu ya mafundi. Inaagiza kwamba bidhaa za monasteri zikiuzwa pasiwe na udanganyifu wowote, na bei iwe chini kidogo ya ile ya watu wengine, ili Mungu atukuzwe. Mahali pengine inataka vyombo vya kazi vitunzwe kama vyombo vya altare. Nikiifuata Kanuni hiyo, mizani safi iliyohakikiwa ni chombo cha ibada.

Kuna biashara ambayo hata mizani haiwezi kuikomboa. Tangu miaka ya 1990 Tunduru imejulikana kwa vito, safaya hasa. Mchimbaji mdogo hushika jiwe asilojua thamani yake mbele ya mnunuzi anayeijua vyema. Masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini mwaka 2019 yamesaidia, lakini bado anayejua anaweza kunyamaza na kutajirika. Mkristo anayemwambia mchimbaji, "Kijana, hili usiliuze leo kwa bei hiyo," amepoteza faida halali mbele ya sheria na ameitunza roho yake.

Waislamu ndio wengi hapa kwetu, na Kurani pia ina sura inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Kwa hiyo jirani yangu Mwislamu hahitaji nimhubirie ndipo aijue imani yangu. Atanijua kwa debe langu, kwa risiti yangu, na kwa saa ninayowalipa vibarua. Waraka wa Yakobo unausema ujira uliozuiliwa kuwa kilio kinachomfikia Mungu. Anayechelewesha malipo ili fedha izunguke kwanza aukumbuke.

Mfanyabiashara mwenzangu, kiongozi wa chama cha msingi, ndugu mnunuzi: kabla ya mnada wa kwanza peleka mizani yako ikahakikiwe. Walipe wabebaji jioni ileile. Mwache mkulima asome mwenyewe. Na kijana unayemfundisha kazi, mfundishe kuweka sifuri kabla hujamfundisha kutafuta faida.