Namba Isiyohamishwa

Linux haihifadhi jina la mwenye faili. Diskini huandikwa namba tu, na jina unaloliona kwenye skrini limetafutwa kwingine. Windows nayo humtambua mtu kwa mlolongo mrefu, S-1-5-21 na kuendelea, unaoishia na namba yake ndani ya kikoa, yaani kundi la watumiaji na mashine linalosimamiwa pamoja. Ofisi ikiwa na mifumo yote miwili, lazima kuwe na programu ya kugeuza mlolongo huo kuwa namba ya Linux, tena kila seva itoe namba ileile. Zikitofautiana, mafaili ya mhasibu yatamfungukia dereva.

Samba, mojawapo ya programu hizo, usipoielekeza vingine, humpa kila anayetokea namba inayofuata. Ni rahisi, ila kila seva hubaki na daftari lake.

SSSD, programu nyingine ya kazi hiyo, ilichagua hesabu, na hapo ndipo navua kofia. Hukokotoa kitambulisho cha kikoa, yaani sehemu ya mbele ya mlolongo ule, hadi kipate fungu moja kati ya 10,000, kila fungu likiwa na namba 200,000, kisha hujumlisha namba ya mtumiaji ndani ya kikoa. Fungu likianzia 120,200,000, mtumiaji 1104 atakuwa 120,201,104 kwenye kila mashine, bila mashine hizo kuulizana.

Mafundi wake hawakuficha ufa. Mwongozo unasema wazi kwamba vikoa viwili vinaweza kuangukia fungu moja. Cha pili husogezwa hadi fungu lililo wazi, na kwa kuwa inategemea kipi kilionekana kwanza, mashine nyingine yaweza kupata jibu tofauti. Ndiyo maana wanashauri kuteua kikoa kikuu ambacho fungu lake halitayumba, au kuandika namba zenyewe kwenye saraka, yaani orodha kuu ya watumiaji.

Kuziandika huko kuliwezekana kwa sababu ya skima, yaani mpangilio wa sehemu ambazo saraka inaruhusu kujazwa. Mwezi Machi 1998 Luke Howard alichapisha waraka RFC 2307, ulioipa saraka ya LDAP sehemu za kuweka namba ya Linux ya mtumiaji, folda yake ya nyumbani na mengineyo. Kila sehemu ina alama yake: ile ya uidNumber, sehemu ya namba hiyo ya mtumiaji, ni 1.3.6.1.1.1.1.0. Mtunza skima hodari huongeza sehemu mpya; ya zamani haibadilishi maana, kwa sababu seva kongwe bado zinaisoma.

Nawe msimamizi, namba ya aliyeacha kazi usimpe mwingine. Mafaili yake bado yapo, na mgeni atayarithi siku hiyohiyo.