Mikono ya Deraya

Katika filamu ya RoboCop iliyotoka mwaka 1987, yule polisi wa chuma anarushiwa funguo za gari naye anazidaka hewani. Tukio lenyewe linapita upesi, lakini lilimtoa jasho mwigizaji Peter Weller na wapiga picha wote. Mikono ya vazi lake ilikuwa ya mpira wa povu. Funguo zilipogonga kiganja ziliruka zikaanguka, zikaokotwa, zikarushwa, zikaanguka tena. Rob Bottin, fundi aliyelibuni vazi hilo, alikuwa amefaulu kumgeuza binadamu kuwa mashine tangu utosini hadi nyayoni. Kiganja ndicho kilichogoma.

Wanaojitengenezea mavazi ya deraya nyumbani wanalijua tatizo hilo vizuri. Kifua, mabega na mapaja ni kazi ya vipande vikubwa: mtu anakata mkeka wa povu, anaupasha moto ili ukunjike, anaubandika kwa gundi, anaupaka rangi. Kasoro ndogo ya begani haitaonwa na yeyote. Mkono ni habari nyingine. Una mifupa 27, hautulii, na ndio ambao mvaaji atautumia kumpungia mtoto, kushika silaha ya bandia na kuvua kofia yake mwenyewe. Ukiwa mkakamavu, au ukiwa na mikunjo ya glavu ya kuoshea vyombo, vazi zima linashuka hadhi. Kwa hiyo anayetaka kumjua fundi hodari asiishie kuitazama kofia inayong'aa. Atazame glavu.

Wahunzi wa Ulaya wa karne ya 15 walipachika vibamba vya chuma juu ya glavu ya ngozi, kimoja kikipanda juu ya kingine kama magamba ya samaki, ili vidole viweze kukunjika. Fundi wa leo ameweka lateksi mahali pa ngozi. Askari wa deraya nyeupe wa filamu za Star Wars, waliotokea kwenye skrini mwaka 1977, wana kinga nyeupe mgongoni mwa mkono juu ya glavu nyeusi, na kipande hicho kidogo kimewakosesha usingizi mashabiki wengi. Mwaka 1997 huko South Carolina, Marekani, ilianzishwa 501st Legion, jumuiya ya watu wanaovaa deraya za askari hao. Ina wanachama katika nchi nyingi duniani, na kanuni zake zinaeleza kila kipande cha vazi kinavyopaswa kuwa, glavu zikiwemo. Baada ya kazi yote hiyo wanachama huenda kuwatembelea watoto waliolazwa hospitalini na kuchangisha fedha za hisani. Nairobi nako, katika maonyesho ya vibonzo ya NAICCON, vijana hujitokeza na mavazi waliyoyaunda kwa mikono yao.

Lateksi ni utomvu wa mti wa mpira, Hevea brasiliensis, uliotoka kwenye misitu ya Amazon. Mgema huchanja gome kwa mshazari mapema asubuhi, jua likiwa bado halijapanda, na utomvu mweupe huchuruzika hadi kwenye kikombe. Msomaji wa Muheza huenda ameiona kazi hiyo katika shamba la Kihuhwi. Ukiachwa hivi hivi utomvu huganda, kwa hiyo hutiwa amonia, kisha huzungushwa kwa kasi mashinani ili maji yapungue na mpira ufikie takriban asilimia 60. Lateksi ya kutengenezea glavu huwa pia imetiwa salfa na kupashwa moto kiwandani, ili ikikauka ivutike na kurudi kama ilivyokuwa. Charles Goodyear aligundua kazi ya salfa na joto mwaka 1839. Lakini watu wa Mexico ya kale, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walikuwa tayari wakichanganya utomvu wa mti mwingine utoao mpira na maji ya mmea mmoja utambaao, wakapata mpira imara wa kuchezea.

Ustadi wenyewe unaanzia kwenye rangi. Asiyejua hutengeneza glavu kwanza, kisha akaipaka rangi ya kawaida kwa juu. Inapendeza mpaka mvaaji akunje ngumi. Mpira unanyumbuka na rangi hainyumbuki. Ufa unatokea kwenye vifundo vya vidole, na kufikia jioni vimebaki vipande vinavyopukutika. Fundi anayeipenda kazi yake hutia rangi ndani ya lateksi ingali majimaji, ili hata glavu ikichunika au ikivutika, chini ya rangi kukutwe rangi ile ile.

Hapo lateksi ina hila yake. Ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, kwa kuwa chembe ndogo za mpira zinazoelea majini hutawanya mwanga. Maji yakitoka, weupe huondoka nayo, kinabaki kitu chenye kupitisha mwanga kidogo na rangi ya asali. Kijivu kilichoonekana cha kupauka kwenye ndoo kitakauka kiwe cha makaa. Buluu itaelekea kijani, kwa sababu ya ile asali iliyo chini yake. Macho ya fundi hayana budi kuona ndani ya ndoo kitu ambacho bado hakijakuwepo, na macho ya namna hiyo hayanunuliwi dukani. Hudondosha tone juu ya kioo, hulisambaza kwa kidole, hulisubiri likauke kabisa, kisha huliweka kando ya bamba la deraya kwenye mwanga wa jua. Ndipo anaongeza tone jingine la rangi ya maji, au anaacha. Rangi ikizidi, mpira unadhoofika na kuchanika upesi. Na hachanganyi ya mkono mmoja. Anachanganya ya mikono miwili katika chombo kimoja, kwa maana kijivu cha leo na kijivu cha kesho ni nadra kulingana.

Kazi ya kumimina hutegemea kalibu ya plasta. Fundi huchukua kwanza umbo la mkono, akalifinyangia udongo juu yake: mistari ya mshono, mbavu za kifundo, makunyanzi ya kidole gumba. Juu ya hapo humwaga plasta kwa nusu mbili, akaiacha ikauke kwa siku kadhaa, kwani plasta yenye unyevu haina kiu. Na kiu ndiyo inayofanya kazi hapa. Plasta hunywa maji ya lateksi iliyoigusa, na ngozi ya mpira hujijenga ukutani mwa kalibu pole pole. Kadiri lateksi inavyokaa ndivyo glavu inavyokuwa nene. Ikitosha, iliyobaki humiminwa tena kwenye ndoo, na kalibu hutundikwa mdomo chini ili mabaki yasituame kwenye ncha za vidole.

Ndani ya kalibu mambo huenda kinyumenyume, na hapo pana uzuri ambao mtazamaji hataujua. Tabaka la kwanza kupakwa ndilo litakaloonekana nje. Akitaka mifereji myeusi kwenye glavu ya kijivu, fundi huingiza brashi nyembamba kwenye kalibu tupu, akapaka lateksi nyeusi mahali pa mifereji tu, akaisubiri ishike, kisha akamimina kijivu nyuma yake. Anachora uso wa kitu kutokea upande wa ndani. Glavu ikitoka, weusi haukukaa juu ya kijivu. Viwili hivyo vimeshikana kuwa ngozi moja, na ngumi ikikunjwa vinakunjika pamoja.

Adui wa hatua hii ni hewa. Hujificha kwenye ncha za vidole, na kila kiputo ni tundu la baadaye. Dawa yake ni kuinamisha kalibu, kumimina taratibu kwa pembeni ili lateksi iteremke ikiisukuma hewa juu, na kuigongagonga kalibu mezani. Anayemimina kwa pupa atapata glavu yenye vidole vinne.

Kuvua kuna adabu yake. Lateksi iliyokauka hujishika yenyewe. Vidole viwili vya glavu vikigusana bila poda, kuvibandua ni kuvichana. Kwa hiyo hunyunyiziwa poda ya talki au wanga wa mahindi, glavu ikibanduliwa ukingo kwa ukingo, poda ikifuata kila mahali panapoachia. Kisha huogeshwa kwa maji ya uvuguvugu, na ukingo wa mshono wa kalibu hukatwa kwa mkasi mdogo. Vibamba vya mgongoni mwa mkono hubandikwa kwa lateksi ile ile ya maji. Gundi zenye vimumunyisho huuvimbisha mpira ukajikunja.

Hata hivyo glavu hizi hazidumu milele. Mafuta huzidhoofisha, jua huzikausha na kuzipasua, na shaba ni sumu kwao: sarafu iliyosahauliwa juu ya lateksi huacha doa la kahawia lisilotoka. Mwenye kujua huzihifadhi gizani, zimepakwa poda, mbali na vifungo vya shaba. Ni kazi ya wiki nzima ambayo huenda ikaishi miaka michache tu, na wanaoifanya hawaifanyi vibaya kwa sababu hiyo.

Mwandishi wa Afrika hawezi kuusifu mpira akanyamaza kuhusu Kongo. Kati ya 1885 na 1908, nchi hiyo ikiwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, watu walilazimishwa kugema mpira wa mitambaazi ya msituni, na vijiji vilivyoshindwa kufikisha kiwango kilichowekwa viliadhibiwa kwa watu wake kuuawa na kukatwa mikono. Mwaka 1904 mmisionari Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba aitwaye Nsala akiwa ameketi mbele ya mkono na mguu wa binti yake mdogo vilivyokatwa. Historia hiyo imo ndani ya kila kitu cha mpira kilichokuja baadaye, na anayeunda mkono kwa mpira anastahili kuijua.

Upande mwingine wa historia ni wa huruma. Huko Baltimore, mwishoni mwa miaka ya 1880, muuguzi Caroline Hampton aliumizwa mikono na dawa ya zebaki iliyotumika kuua vijidudu katika chumba cha upasuaji. Daktari William Halsted akaagiza kampuni ya mpira ya Goodyear imtengenezee muuguzi huyo glavu nyembamba zenye mikono mirefu. Wawili hao walioana mwaka 1890, na baadaye glavu za mpira zikawa desturi ya kila upasuaji.

Lakini kinga hiyo hiyo huwadhuru wengine. Protini za utomvu huwaletea baadhi ya watu vipele, kupiga chafya, hata kubanwa pumzi, na poda huzibeba protini hizo hewani. Marekani ilizipiga marufuku glavu za hospitali zenye poda kuanzia Januari 2017. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi, ambao hufanyiwa upasuaji mara nyingi, ni miongoni mwa wanaodhurika zaidi. Basi fundi anayekusudia kwenda wodini na deraya yake aioshe poda yote, awaulize wauguzi kabla ya kuingia, na penye shaka avae glavu za silikoni. Na anayeanza leo afungue madirisha kwa ajili ya amonia, achanganye rangi kidogo, na atengeneze kwanza kidole kimoja.