Barua ya Kiswahili, Jibu la Kiingereza: Juu ya Wimbo Bora wa Miaka ya 1960

Katika sehemu za Kabuchai, tangu soko la Chwele hadi njia ziendazo Kitale, watu waliokuwa vijana Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 hawajamaliza kubishana juu ya nyimbo za gitaa za muongo ule. Wako wanaoshikilia "Malaika" ya Fadhili William. Wako wanaosema kwamba alipofariki George Mukabi, mwaka ule ule wa uhuru, mkono wa kushika gitaa ulizikwa naye. Na wako wanaomtaja Daudi Kabaka, nao wamegawanyika: wengine wanasema "Helule Helule", wengine "Msichana wa Elimu". Wataalamu wa fasihi wameyaacha mabishano haya kwa watangazaji wa redio, kana kwamba hayawahusu. Hapo wamekosea, kwa maana linalobishaniwa ni swali la kihakiki: utungo unaoimbwa hupimwa kwa kipimo gani?

Kipimo kinachotajwa upesi ni umaarufu. "Malaika" iliimbwa na Miriam Makeba ikaenea duniani. "Helule Helule" ilichukuliwa na kundi la The Tremeloes la Uingereza, na mwaka 1968 ikaingia katika nyimbo 20 za juu nchini humo. Mambo hayo yanastahili kujivuniwa. Lakini msikilizaji wa London hakulijua neno la Kabaka. Alichokipenda ni sauti na mdundo, na ushahidi wake hauwezi kuvuka mpaka huo. Kwa upande wa "Malaika" umaarufu umeleta na hasara: kila wimbo huo unapotajwa, mazungumzo hugeuka kuwa kesi ya nani aliyeutunga, na utungo wenyewe hausomwi.

Kipimo kilicho bora zaidi kimo Kabuchai kwenyewe, ingawa wenyeji hawakiiti nadharia. Mpigaji wa litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, ni mtu wa maneno kwanza. Husifu, hukaripia, huwataja waliokufa, hueleza habari za koo na kuwasuta wakubwa waliojisahau. Wasike wa Musungu hakupata jina kwa wepesi wa vidole pekee. Hata "sioyaye", wimbo unaoimbwa vijana wanapotoka mtoni kwenda kutahiriwa, humkabili kijana kwa neno zito kuhusu woga, mbele ya ukoo wake wote. Sikio lililolelewa hivyo huuliza mambo mawili kabla ya kucheza: mwimbaji amesema nini, na amemwambia nani? Gitaa lilipofika, sikio hilo halikuachwa nyumbani.

"Malaika" ikipimwa hivyo haianguki, ila inapungua. Kijana anampenda msichana naye hana mali ya kumwolea. Kiambishi -nge- kinafanya kazi kubwa mno humo. Ndoa nzima imo ndani ya silabi hiyo moja, ndoa isiyokuwapo. Lakini umaskini wa kijana huyu umekuja kama ukame, hauna aliyeuleta. Msikilizaji humhurumia asiulize kwa nini hana, na huruma hiyo ni tamu kiasi cha kuimbwa katika harusi za matajiri.

"Msichana wa Elimu" una mambo mengine. Mwanamume anamwandikia msichana barua kwa Kiswahili, naye msichana anamjibu kwa Kiingereza. Kisa ni hicho tu, na watu hukicheka. Hata hivyo ndani ya kichekesho hicho imo historia ya shule za Kenya. Mwaka 1964 Tume ya Ominde iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kiswahili hakikuwa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule zote za msingi hadi ulipoanzishwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Katika muda huo wote Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, ya redio na ya mapenzi, huku cheti kikipatikana kwa lugha nyingine. Kabaka hakutoa hotuba juu ya jambo hilo. Alilitia ndani ya bahasha, akawapa watu wawili wapendanao walisome. Watunzi wa tamthilia waliokuja baadaye wametumia kurasa nyingi kulieleza tabaka jipya la wasomi, na mara nyingi wahusika wao huzungumza kama magazeti.

Litaletwa pingamizi kwamba Kiswahili cha waimbaji hawa si sanifu. Ni kweli kwamba upatanisho wa ngeli katika nyimbo za bara mara nyingi si ule wa Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 na kusimamiwa na Kamati ya Lugha tangu 1930. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angepata kazi. Lakini lugha ya utungo hupimwa kwa msemaji aliyewekewa. Mwanamume wa "Msichana wa Elimu", kama angeandika kwa ufasaha wa mashairi ya Lamu, barua yake isingekuwa yake, na jibu la Kiingereza lisingemuumiza.

Wimbo huu una kasoro halisi, nayo haiko katika sarufi. Msichana anachekwa kuliko shule iliyomfunza. Yeye hakuichagua lugha aliyopewa darasani, na huenda aliandika Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha pekee aliyozoezwa kuandikia barua. Kabaka amempa jibu moja tu, tena katika lugha inayomfanya kioja. Mpigaji litungu hodari, anapomsuta mtu, humsuta pia aliyempotosha. Hapa mtunzi hakufika.

Nao wafuasi wa Mukabi hawajajibiwa. Wanasema kwamba upimaji huu wote unamfaa asomaye maneno karatasini, na kwamba wimbo haukai karatasini. Katika omutibo, mtindo wa gitaa aliouvumisha, nyuzi huendelea na maneno pale mwimbaji anaponyamaza, na chupa ya soda hugongwa kando kama mtu anayeitikia. "Sengula Nakupenda" ukinakiliwa daftarini hubaki ungamo la mapenzi la kawaida. Ukipigwa, kuna wawili wanaozungumza. Fani na maudhui, kama zinavyofundishwa, hazina mahali pa kuiandika chupa ile.