Barua Zisizotaja Mshahara

Katika miaka yote niliyofundisha Kiswahili katika chuo cha ualimu, niliwaambia wanachuo kwamba hakuna maandishi yaliyo madogo mno hata yasistahili uhakiki. Tangazo la mnada, risiti, barua ya posa: yote yana msemaji, msemewa na jambo lililofichwa. Sikudhani kwamba somo hilo lingenirudia uzeeni, tena kwa gharama ya mjukuu wangu.

Mjukuu huyo alisomea kompyuta hapa Mbeya, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ambacho sisi wazee tulikijua kama chuo cha ufundi kilichoanza mwaka 1986 na kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Kazi yake ni kutunga programu, na kazi hiyo mara nyingi hupatikana katika kampuni changa, ambazo vijana huziita startapu. Mwaka juzi aliniletea barua ya kampuni moja akaniuliza, "Babu, niende?" Niliisoma, nikaisifu lugha yake, nikamwambia aende. Alifanya kazi miezi saba bila kulipwa hata senti. Programu aliyoitunga inatumika hadi leo, naye hayumo.

Baadaye alikuja na barua nyingine mbili. Nilimwomba azichapishe pale Mwanjelwa, tukaziweka mezani pamoja na ile ya kwanza, nami nikachukua kalamu nyekundu.

Tuanze na ile niliyoisifu. Neno lililonilaghai ni "familia". Kwa desturi zetu, ndugu ni yule ambaye ukifika kwake jioni hupikiwa. Anayekulaza njaa ana jina jingine. Pili, tazama njeo. Wajibu wa kijana umeandikwa kwa amri: aandike, amalize, awe tayari hata usiku. Malipo yake yote yamo katika "-ta-": kampuni itakua, wafadhili watakuja, utapewa hisa. Na hicho kitenzi "utapewa" kiko katika kauli ya kutendwa. Mtoaji hatajwi, wala kiasi, wala siku. Mwanachuo wa mwaka wa kwanza angeliona hilo. Mimi niliona ufasaha tu.

Barua ya pili ni pacha wa ya kwanza, ila imeondoa "familia" ikaweka "safari". Nauli haikutajwa.

Ya tatu ilitoka Iringa, kwa watu wachache wanaotengeneza programu ya hesabu za maduka ya pembejeo. Nilihesabu makosa manane ya tahajia. Lakini inataja mshahara, ingawa ni mdogo. Inataja tarehe ya kulipwa, wateja ambao tayari wanalipa, na programu itakuwa mali ya nani. Hiyo niliipa maksi za juu.

Baba yangu alitoka Njombe kwenda Tanga kukata mkonge, enzi za SILABU, chombo cha kuandikisha vibarua kilichoanzishwa mwaka 1944. Waliitwa manamba, na waandikishaji nao walikuwa na maneno matamu. Hata hivyo kibarua alishika kipande, kadi iliyotiwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi, na alama zikitimia 30 alilipwa. Ulikuwa utaratibu wa kumnyonya mtu, nami siutamani. Lakini inauma kuona kijana mwenye shahada akishika karatasi isiyosema hata yale yaliyosemwa na kipande.

Sheria zipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, malipo yakiwemo. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inaihesabu programu ya kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine. Basi mtunga programu ni mwandishi, na mwandishi mwenye busara huuliza mswada utakuwa wa nani kabla haujatoka mkononi mwake.

Sisemi kwamba kampuni changa ziogopwe. Huduma ya kutuma fedha ya NALA, iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes mwaka 2017, nayo ilikuwa changa. Anayesema wazi, "Hatuna fedha nyingi, tutakulipa kiasi hiki kila tarehe 5," hana kosa. Kosa ni kunyamaza.

Kwa hiyo nimemshauri mjukuu wangu kwamba siku nyingine asianzie kwenye matangazo, aanzie kwa wateja. Aende kwenye SACCOS, duka la pembejeo au zahanati ya binafsi, aulize programu wanayotumia imetengenezwa na nani, na kama wanailipia. Kampuni yenye mteja anayelipa ina mahali pa kutoa mshahara. Kisha aulize BRELA kama kampuni hiyo imesajiliwa, na wenye hisa ni akina nani. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Ameanza kazi Iringa. Kodi ya chumba inakula karibu nusu ya mshahara, na ile miezi saba haijarudi wala haitarudi. Nimemwomba radhi kwa maksi nilizozitoa kabla ya kusoma.