Mnara wa Babeli: mchoro mzuri, ujenzi wa kubuni

Hebu tafuta "Mnara wa Babeli" kwenye simu yako. Hutakaa muda mrefu kabla ya kukutana na mchoro wa Pieter Bruegel wa mwaka 1563: mnara wa duara, matao juu ya matao, kilele kimeingia mawinguni. Umetumika mno, mpaka wengi wetu tunadhani mnara ulikuwa hivyo. Haukuwa hivyo.

Kama sanaa, sina ugomvi nao. Vibarua wadogo kama sisimizi, mashine za kupandishia mizigo, meli bandarini: huyu mtu aliijua saiti. Ila Bruegel alifika Roma, hakufika Babeli. Alichochora ni uwanja wa Colosseum uliorefushwa kwenda juu.

Minara halisi, yaani zigurati, ilikuwa ya pembe nne, imepanda ngazi kwa ngazi. Wachimbaji wa Kijerumani walipoupima msingi wa mnara wa Babeli, Etemenanki, walipata kama mita 91 kila upande. Na matao yale ya kuingia ndani? Hayakuwepo. Zigurati ilikuwa kilima kizima cha matofali, hekalu likiwa juu kabisa.

Kosa kubwa zaidi ni mawe. Bruegel anaonyesha mfalme akipigiwa magoti na wachonga mawe, wakati Kitabu cha Mwanzo chenyewe, sura ya 11, kinasema walitumia matofali badala ya mawe, na lami badala ya chokaa. Kusini mwa Iraki mawe ni adimu. Udongo ndio umejaa. Kwa hiyo ndani waliweka matofali mabichi yaliyokaushwa juani, nje wakavalisha matofali ya kuchoma yaliyoshikwa kwa lami.

Sasa wewe wa Buguruni, unayeijua masika, utauliza swali ambalo mchoro hauulizi: maji je? Udongo mbichi ukinyonya maji huvimba, na ukivimba huufumua ukuta wa nje. Mafundi wa Ur, miaka kama 4,100 iliyopita, waliacha vitundu vyembamba ukutani ili unyevu upate pa kutokea. Kule Aqar Quf, karibu na Baghdad, mikeka ya matete iliyolazwa kati ya safu za matofali bado inaonekana. Kiini chake cha udongo kimesimama zaidi ya miaka 3,000. Si mchezo.

Ndiyo maana mchoro huu unanikera ukitumika kufundishia. Unamwambia mwanafunzi kwamba jengo la maana lazima liwe la mawe, na udongo ni wa maskini wasiojua kitu. Ukweli ni kwamba udongo ule ulihitaji hesabu, lami na akili ya kuzuia maji.

Ukimaliza kuutazama, tafuta na picha ya zigurati ya Ur. Kuta zake za chini zimekarabatiwa, lakini vitundu utaviona. Anza somo hapo.